Tuliposhuka Ngomo

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Uvira huwa na njia mbili za kuchagua. Ya kwanza huvuka mto Ruzizi, hupita nchi ya Rwanda kwa lami nzuri hadi Bugarama, kisha hurudi Kongo penye Kamanyola. Ya pili haitoki katika nchi yetu: hupita Panzi, hupita Nyangezi penye misioni ya zamani, halafu hushuka mlima wa Ngomo. Ya kwanza yadai karatasi za mpaka. Ya pili yadai moyo. Mwezi wa Agosti mwaka 2016 tulichagua ya pili, kwa sababu karatasi ya mtoto ilikuwa haijatoka.

Tulikuwa wawili: sisi tuandikao haya, na binti yetu wa miaka 7. Mama yake alibaki nyumbani Bagira na mtoto mchanga. Nyanya mzaa mama, aliyekaa Uvira, alikuwa hajamwona mjukuu wake tangu aanze kutembea. Naye mtoto alitaka sana kuona viboko wa ziwa Tanganyika, ambao alisikia habari zao shuleni. Kikapuni tulichukua sambaza wakavu kwa ajili ya nyanya. Kumpelekea mtu wa Uvira samaki ni kama kupeleka kuni msituni, na hasa sambaza, maana asili yao ni Tanganyika yenyewe, nao waliletwa ziwani Kivu na watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini mkwe haendi ukweni mikono mitupu.

Yafaa kwanza tueleze nchi ile, ili msomaji asiyeijua aone mambo yalivyotukia. Mto Ruzizi hutoka ziwa Kivu kwenye kimo cha mita 1,460, huingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Mteremko huo wa karibu mita 700 mto haukuugawa sawasawa. Sehemu yake kubwa huishukia baina ya Bukavu na Kamanyola, katika mabonde membamba ambamo maji hupiga kelele usiku na mchana. Ndiko yalikojengwa mabwawa ya umeme, la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili mwaka 1989. Kisha mto hutulia, hutambaa uwandani kama mzee aliyekwisha kula. Barabara nayo yafanya vivyo hivyo. Penye Nyangezi abiria bado huvaa makoti kwa baridi ya asubuhi. Saa moja baadaye masikio huziba, makoti huvuliwa, na joto la uwanda huwapanda usoni kama mvuke wa chungu. Kutoka juu ya Ngomo mtu huona mbali sana. Wakati wa kiangazi uwanda ni wa rangi ya majani makavu, isipokuwa pale penye mashamba ya mpunga. Ng'ambo ya mto huonekana Bugarama na kiwanda chake cha simenti, na mbele kidogo ndipo nchi tatu hukutana, Kongo, Rwanda na Burundi, pale mto Ruhwa uingiapo katika Ruzizi. Tumeona nchi nyingine zilizo nzuri. Nzuri kuliko hiyo hatujaiona. Tangu vita vilipofika Bukavu na Kamanyola mwaka 2025 hatujashuka tena njia ile, nasi huiona usingizini.

Gari letu lilikuwa gari dogo la abiria, lenye usukani upande wa kuume. Jambo hili lataka maelezo. Sheria ya Kongo yatuamuru kufuata upande wa kuume wa barabara, na kwa njia ya namna hiyo usukani hufaa kuwa kushoto. Lakini magari mengi ya abiria katika Kivu hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika huko Ujapani, ambako watu hufuata kushoto. Basi shofere wa gari kama hilo akitaka kuipita kamiyo iliyo mbele yake, haoni kitu ila mgongo wa kamiyo. Aonaye ni abiria aliyeketi kushoto. Ndiyo maana mashofere wamezoea kumwuliza: "Papa, iko wazi?" Naye abiria, ambaye pengine hajashika usukani hata siku moja maishani mwake, hujibu. Roho za watu sita au saba hutegemea jibu lake, naye amelipa nauli sawa na wengine.

Sisi ndio tulioketi kushoto. Mtoto alianza safari nyuma, katikati ya mama mmoja mwenye vifurushi na vijana wawili. Kufika Nyangezi alilalamika kwamba haoni kitu, tukampakata mbele. Hatukuona ubaya. Nani asiyempakata mtoto wake garini? Mkanda ulikuwapo, lakini ulikuwa umefunikwa chini ya kitambaa cha kiti, na mkanda wenyewe haukufanywa kwa watu wawili.

Tangu hapo mtoto hakukoma kuuliza. Kule ng'ambo ni wapi? Mbona mto hauishi maji? Viboko wanapanda milima? Shofere alikuwa akitueleza habari za bei ya mafuta, nasi tulitaka kusikia. Tulimjibu mtoto mara tano, mara sita, halafu tukasema: "Nyamaza kidogo, Mama. Wakubwa wanaongea." Akanyamaza.

Mbele yetu ilikuwapo kamiyo iliyoshuka polepole ikitufunika kwa vumbi. Shofere akauliza: "Papa, iko wazi?" Tulitupa jicho, tukaona kipande cha njia nyeupe na kona, tukajibu: "Pita."

Yaliyofuata hayakujaza hata muda wa kusali Salamu Maria moja. Kamiyo nyingine ilitokea konani ikipanda, imejaa mifuko ya simenti. Kushoto palikuwa na bonde. Shofere alikanyaga breki, akarudisha usukani kuume, akaigonga ile kamiyo ya kwanza pembeni. Gari likapanda ukingo wa mlima, likapinduka, likalala mtaroni kwa ubavu wa kuume. Angaligeuza usukani kushoto, habari hizi zingaliandikwa na mtu mwingine.

Tulipofumbua macho, mikono yetu ilikuwa mitupu.

Kwa muda mrefu baadaye jambo hili lilitutesa kuliko mengine yote, maana tulijua kwamba tulimshika kwa nguvu, na mkono wa baba haukufaa kitu. Siku hizi tumekwisha kujifunza hesabu yake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kigumu, ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wa mita 10. Mtoto wa kilo 20, gari likisimama ghafula katika nafasi ya nusu mita, huvuta mbele kwa uzito kama wa kilo 400, ndiyo kusema mifuko 8 ya simenti. Hakuna baba awezaye kuzuia mifuko 8 ya simenti kifuani pake. Tena mtu mzima asiyefungwa mkanda hutupwa mbele naye, na mtoto aliye mapajani humkinga mzazi wake kwa mwili wake mwenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni hutoa hesabu ya watu karibu milioni 1.2 wanaokufa barabarani kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kiwauacho kuliko ajali za njiani. Mtoto mahali pake ni nyuma, katika kiti chake, na mkanda wake. Hayo tuliyajua baadaye, kama mambo mengi.

Mtoto aliangukia chini, upande wa shofere, na kioo kilipovunjika alitoka nusu ya mwili, akalala kichwa majanini. Hakulia. Shofere ndiye aliyelia, maana nyonga yake ilibanwa na mlango. Hapo tulinusa petroli, na kwa juu, njiani, tulisikia watu wakija mbio.

Kuna jambo moja katika njia ile ambalo mgeni halijui. Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, chini uwandani, kamiyo ya mafuta ilipinduka katikati ya kijiji. Watu wengine walikuja kuteka mafuta, wengine walikuja kutazama. Wengine walikuwa wamejaa katika vibanda wakitazama michezo ya Kombe la Dunia, iliyochezwa mwaka ule huko Afrika ya Kusini. Moto ulipowaka ulikula wote pamoja, walioteka na wasioteka. Walikufa watu zaidi ya 230. Tangu siku ile, toka Uvira hadi Ngomo, harufu ya petroli si harufu tu. Basi mzee mmoja aliyekuja mbele ya wengine alisimama juu ya ukingo, akapiga ukelele: "Zimeni sigara! Zimeni simu! Mmesahau Sange?" Na umati wote ulisimama pale pale. Halafu yeye mwenyewe, ambaye alitukataza wote, alishuka mtaroni.

Pamoja naye alishuka mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa mihogo, mgongoni, kwa kamba iliyozungushwa kwenye paji la uso, kama wabebavyo wanawake wa milima yetu. Tunakumbuka kwamba aliutua mzigo taratibu, kama mtu ajuaye kwamba hakuna atakayemsaidia kuuinua tena. Akamvuta mtoto kutoka majanini, akamshika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba ameshika yai, akamlaza juu ya kitenge chake, akamsemesha kwa lugha ya Mashi. Mtoto hajui Mashi. Lakini alifumbua macho. Yule mama alikaa naye hadi tulipopata gari la kutuchukua. Tulipotaka kumshukuru alikuwa amekwisha kuinua mzigo wake, bila kitenge, kwa sababu kitenge kilikuwa na damu, nacho kilikuja nasi. Jina lake hatukulijua.

Hakuna aliyekufa. Mtoto alivunjika mtulinga na kukatwa na vioo usoni; sisi tulivunjika mkono wa kushoto na mbavu mbili; wale wa nyuma walipata majeraha madogo. Tulifungwa vidonda Kamanyola, na usiku ule ule tulirudishwa Bukavu kwa njia ile ile, juu ya Ngomo, nyuma ya gari la mizigo. Shofere alichukuliwa peke yake siku ya pili, kwa sababu hakuna aliyelipa kwa ajili yake.

Siku ya tatu polisi alikuja hospitalini na karatasi zake. Alituuliza ajali ilitukia namna gani. Tulijibu: "Shofere alitaka kuipita kamiyo penye kona asipoona." Maneno hayo ni ya kweli, moja moja. Polisi aliyaandika, akatusomea, tukatia sahihi kwa mkono wa kuume, ambao ulikuwa mzima.

Kwa mtoto mfupa hupona upesi. Baada ya wiki sita hakuwa na kitu isipokuwa kovu dogo juu ya nyusi. Jamaa walikuja kutushukia heri, wakasema: "Mtoto amepona, watoto hawana kumbukumbu." Nasi tulisema vile vile. Hakupiga kelele usiku, hakukataa chakula. Kitu kimoja tu: alianza kusema kila kitu akionacho. Tulipotembea njiani alisema: "Baba, pikipiki. Baba, gari. Baba, gari lingine." Nyumbani alisema: "Mama, maji yanachemka. Mama, mtoto ameshika kisu," na mtoto alikuwa ameshika kijiko. Shuleni alisimama katikati ya somo kumwambia mwalimu kwamba dirisha liko wazi. Mwalimu alituita, akasema kwa upole kwamba mtoto huyu anawachosha wenzake. Hatukujua la kufanya, tukafanya lile tulilolijua: tulimwambia anyamaze. Alinyamaza kwa nusu saa, akitokwa jasho, halafu akaanza tena.

Katika gari hakutaka kupanda kamwe. Toka Bagira kwenda mjini alikwenda kwa miguu, na mmoja wetu pamoja naye, hata wakati wa mvua. Majirani walitucheka kidogo. Walikuwa na haki.

Mwezi wa Julai mwaka 2017 nyanya wa Uvira aliugua, akatuma watu kuomba amwone mjukuu. Tulizungumza na mtoto siku nyingi. Mwishowe alisema kwamba atapanda gari hadi juu ya Ngomo, kama gari litakwenda polepole, lakini Ngomo ataishuka kwa miguu. Basi tulifanya hivyo. Shofere alituacha juu, asubuhi na mapema, akitutazama kama wendawazimu.

Ajabu ya mlima ni kwamba ukiushuka kwa miguu si ule ule. Kwa gari, Ngomo ni kona na vumbi. Kwa miguu ni nyasi, ndege, vijito ambavyo havikuonekana, vibanda vya wauza ndizi, na wanawake wapandao na mizigo. Tuliwatazama usoni kila mmoja, maana kitenge kilikuwa kikapuni, kimefuliwa na kupigwa pasi. Hatukumwona. Tulimwachia muuza ndizi mmoja, aliyesema kwamba anamjua. Twatumaini alisema kweli.

Mtoto ndiye aliyepatambua mahali. Mtaroni vilikuwapo bado vipande vya kioo, vidogo, vimechanganyika na kokoto. Alichutama akaviangalia. Halafu alisimama, akaelekeza kidole chini, pale ambapo barabara, baada ya kuzunguka, huonekana tena chini ya mtu kabla ya kujificha nyuma ya mlima.

"Baba," akasema, "ilikuwa pale."

"Nini, Mama?"

"Ile kamiyo ya simenti. Niliiona pale ikipanda, halafu ikajificha."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia ninyamaze."

Tulikaa kwenye jiwe. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na kamiyo zilipita zikitupigia honi. Mtoto alisimama mbele yetu, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mkubwa wa shule, akingoja. Mwaka mzima alikuwa akingoja. Tulielewa sasa kila pikipiki aliyoitaja, na kila dirisha, na kile kijiko. Waganga wa watoto walijua jambo hili zamani, kwamba mtoto mdogo akipatwa na msiba asioweza kuufahamu, mara nyingi hujiona kuwa yeye ndiye aliyeuleta. Angalau hivyo msiba huwa na sababu. Sisi hatukulijua. Nyumbani tulikwisha kumwambia mara mia kwamba haikuwa kosa lake, lakini tulisema kama watu wasemavyo ili kumtuliza mtoto, pasipo kujua kwamba yeye anazo hoja zake.

Ilikuwa rahisi kurudia maneno yale. Lakini mtoto aliyeona kamiyo kwa macho yake hawezi kuambiwa kwamba hakuna aliyekosa. Basi tulimwambia: "Shofere aliniuliza kama njia iko wazi. Nikamwambia apite. Sikuangalia vizuri. Ni mimi."

Alifikiri. "Wewe ndiye uliyesema 'Pita'?"

"Ndiyo."

"Nilisikia, lakini nilidhani ni shofere." Akafikiri tena. "Ulimwambia polisi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Neno hili lilimshangaza kuliko yote. Alitutazama kama vile siku ile alivyotazama uwanda kwa mara ya kwanza. Halafu akauliza shofere yuko wapi. Tulijua yuko wapi. Kila mtu wa njia ile alijua: alikuwa Kamanyola, sokoni, akiuza yunite za simu chini ya mwavuli, kwa sababu mguu wake mmoja ulipungua urefu na mwenye gari alimkataa.

"Basi twende tumwambie," akasema mtoto, akaanza kushuka.

Ninyi wazazi mnaosoma haya mtatuuliza kama tungalikwenda kama si yeye. Hatutasema uongo mwingine. Njia toka pale hadi Kamanyola ni ya kushuka tu, nasi hatujawahi kuona njia ndefu kama ile.

Shofere alitujua toka mbali. Alimpa mtoto kibanda chake akalie, yeye akasimama kwa fimbo. Tulisema tuliyokuja kusema. Alitusikiliza, akiwauzia watu yunite katikati ya maneno yetu, kisha akasema: "Papa, mimi sikuwa kiziwi. Nilikusikia ukisema 'Pita'. Hospitalini nililala miezi miwili nikingoja useme." Hakusema kwa hasira; ingalikuwa heri angalikasirika. Tukasema tuko tayari kurudi kwa polisi kubadili maneno yetu. Alicheka. Mambo ya polisi, akasema, aliyamaliza zamani kwa kuuza shamba la mama yake, na karatasi zile hakuna ajuaye ziliko. Ila kama tunataka kumsaidia kweli, tumwandikie mwenye gari.

Tuliandika pale pale, juu ya daftari la shule, magotini. Tuliandika kwamba abiria alimwambia shofere kuwa njia iko wazi, na kwamba abiria huyo ni sisi. Mtoto alisoma juu ya bega letu, akasema tumesahau kuandika habari za usukani uliokuwa kuume. Tukaandika.

Tuseme upesi yaliyofuata. Mwenye gari alijibu baada ya mwezi: alisema kwamba kazi ya shofere ni kuangalia mwenyewe, wala si kusikiliza abiria. Hatuwezi kusema kwamba amekosa kabisa. Shofere hakupata tena gari lake. Shamba la mama yake tulisaidia kulikomboa, kidogo kidogo, kwa miaka mitatu; lilikuwa dogo, nalo si tendo la kusifiwa, maana ni deni. Lakini ile barua aliitunza. Mara ya mwisho tulipoonana naye ilikuwa katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya uchaguzi.

Siku ile ya Julai tulitoka Kamanyola saa nane mchana kwa gari lingine. Mtoto alipanda mwenyewe, nyuma, penye dirisha. Tulichimba chini ya kitambaa cha kiti, tukaupata mkanda, umejaa vumbi na maganda ya karanga, tukamfunga. Shofere mpya alitutazama katika kioo, hakusema neno. Gari lilipoanza kwenda, mtoto naye alianza: "Baba, pikipiki. Baba, ng'ombe." Tulifumbua kinywa kumjibu, lakini shofere alitutangulia.

"Asante, Mama," akasema. "Nimewaona."

Tulipita Luvungi, tukapita Sange, ambapo mtoto aliuliza kwa nini watu wote garini wamenyamaza ghafula, akaelezwa. Penye Kiliba, katika mashamba ya miwa, alikuwa amekwisha kutaja magari 41, na shofere alikuwa amemjibu yote.